Sufuria Yenye Mlango

Tangu akiwa na meno ya utotoni, nyumbani walimwita binti yao Kipimo. Hakuna kitu kilichosalimika mikononi mwake. Meza aliipima kwa shubiri, ua aliupima kwa hatua, na siku moja alimpima hata mgeni aliyesinzia kitini, kuanzia kisigino hadi kisogo, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba mgeni huyo hatoshi kwenye kitanda chao, labda akunjwe. Mama yake alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu atakuwa fundi cherehani," baba yake akasema, "au atatengeneza majeneza."

Hakuna aliyetaja usanifu wa majengo, kwa sababu pale nyumbani hakuna aliyejua kwamba kuna mtu hulipwa kwa kuchora nyumba itakayojengwa na wengine. Nyumba yao wenyewe haikuchorwa na mtu. Baba yake alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na kila wanafunzi walipofunga shule, alirudi nyumbani akavua aproni na kushika mwiko wa kujengea. Chumba cha kwanza alikijenga akiwa kapera. Alipooa akaongeza cha pili, alipopata mtoto akaongeza cha tatu, na kila chumba alikiegemeza kwenye mgongo wa mwenzake, mpaka kile cha katikati kikabaki bila dirisha hata moja. Bati lilikaa chini, dari haikuwepo. Mlango wa jikoni ulikuwa mfupi kwa sababu siku ya kuumaliza matofali yalipunguka, na baba hakuwa mtu wa kungoja. Tangu hapo kila mtu mzima aliingia jikoni ameinama kama anayewasalimu wakubwa.

Jua likikaza, joto lilishuka kutoka kwenye bati likamkalia mtu mabegani. Kipimo alifanya hesabu zake za shule huku karatasi ikimnata mkononi. Mama yake alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha ndoo, akisema, "Soma haraka kabla hujaiva."

Chuoni ndiko alikofumbuliwa macho. Mwalimu mmoja alileta darasani nyumba ndogo ya kadibodi yenye ukuta wa kioo upande mmoja, akawasha kijiti cha kutoa moshi na kukisogeza karibu na dirisha la chini. Moshi ukaingia taratibu, ukazunguka chumbani kama mtu anayetafuta kiti, kisha ukapanda na kutokea kwenye tundu la juu upande wa pili. Mwalimu akaziba lile tundu la juu. Moshi ukasimama palepale, ukajaa, ukageuka kuwa ukungu mzito.

Wenzake walipotoka kwenda kula, Kipimo alibaki peke yake akiziba na kuzibua lile tundu. Alikuwa amelelewa akiamini kwamba joto ni kama mvua, huja likitaka. Kumbe joto ni suala la mchoro.

Kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wa jambo moja. Wenzake walichora maghorofa ya vioo, yeye akachora matundu. Alisoma habari za kuta za udongo ulioshindiliwa, za mabati yaliyoinuliwa ili hewa ipite chini yake, za miti ya kupandwa upande wa jua la alasiri. Kazi yake ya mwisho chuoni ilihusu nyumba za watu wa kipato kidogo zinazopumua zenyewe bila feni wala umeme, na walimu waliisifu wakasema wanaona imeandikwa na mtu anayelijua jambo lake.

"Umelipata wapi wazo hili?" wakamwuliza.

"Kwenye vitabu," akajibu.

Hakusema habari za chumba cha katikati. Darasani kwao kulikuwa na watoto wa madaktari, wa mawakili, na mmoja ambaye baba yake alimiliki kiwanda cha rangi. Alipoulizwa baba yake anafanya kazi gani, Kipimo alisema, "Yuko upande wa elimu." Si uongo kamili, alijifariji. Mtu anayewapikia wanafunzi yuko upande wa elimu. Lakini kila alipolitamka neno hilo masikio yalimwaka moto, na aliwahi kugeuza mazungumzo haraka kiasi kwamba mwenzake mmoja alidhani baba yake ni waziri anayejificha.

Alipohitimu aliajiriwa katika ofisi ya wasanifu iliyokuwa juu ya duka la vigae. Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja mrefu, nywele fupi zenye mvi, aliyechora kwa penseli ya seremala na kukagua kila mstari wa wafanyakazi wake. Vijana walimwita Mama Msumari, kwa sababu neno lake lilikuwa likiingia halitoki. Mwaka mzima alimpa Kipimo kazi ya kuchora vyoo. Vyoo vya shule, vyoo vya benki, vyoo vya hoteli. Kipimo akavichora kwa adabu, na kila choo akakiwekea tundu la juu na dirisha la chini, mpaka siku moja Mama Msumari akasimama nyuma ya kiti chake.

"Hivi vyoo vyako," akasema, "vina hewa nzuri kuliko nyumba yangu. Wewe unataka kusema nini?"

Kipimo akamwonyesha kazi yake ya chuoni. Mama Msumari akaichukua, akaisoma kwa siku kadhaa, akarudi nayo imejaa alama za penseli. Jiji lilikuwa linatafuta mchoro wa nyumba za bei nafuu, na kungekuwa na mkutano wa hadhara wa kuonyesha michoro. Ofisi ingepeleka wa Kipimo, na Kipimo mwenyewe ndiye angesimama kuueleza.

"Ila una michoro tu," Mama Msumari akamwambia. "Watu hawasikii joto kwenye mchoro. Nitafutie picha ya nyumba halisi. Nataka mtu akiitazama aanze kujipepea."

Kipimo hakuhangaika kutafuta. Jumapili iliyofuata alikwenda nyumbani na kamera ya ofisi na futikamba ya kupimia.

Baba yake alimkuta chumba cha katikati akipiga picha za paa. "Vipi mama, kuna panya?" akauliza. Alipenda kumwita bintiye mama.

"Hapana, baba. Nachukua vipimo kidogo, vya kazi."

Yule mzee akaitazama kamera. Kisha uso wake ukachanua. Hakuuliza neno la pili. Alitoka, akarudi amevaa shati safi, akaanza kusogeza kitanda ili binti yake aone kona vizuri. Akafuta vumbi mezani kwa kiganja. Akaondoa beseni lililokuwa linakinga matone ya mvua, na Kipimo, bila kumtazama usoni, akamwomba alirudishe palepale lilipokuwa.

"Kwa hiyo utaanzia wapi?" baba akauliza huku akilirudisha. "Mimi nadhani uanzie jikoni. Mama yako anateseka jikoni."

Hapo ndipo Kipimo alipoelewa kwamba baba yake anafikiri amekuja kuitengeneza nyumba. Angeweza kumwambia. Yalikuwa ni maneno mepesi tu. Lakini mzee alikuwa ameshika ncha ya futikamba kwa vidole viwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha serikali, na Kipimo akasema, "Tutaona, baba." Baba alipoinama kuingia jikoni kumpelekea mama habari, Kipimo akabonyeza kamera. Picha ilitoka nzuri ajabu. Mlango mfupi, giza ndani, mwanga mkali nje, na mgongo wa mzee umekunjika katikati. Uso haukuonekana.

Kabla jua halijazama majirani wote walikuwa wameshajua kwamba yule binti msanifu anakuja kuwajengea wazazi wake.

Kuhusu mkutano wa hadhara, Kipimo aliwaambia wazazi wake kwamba ni kikao cha ofisini tu, cha watu wa kazi. Lakini tangazo lilitoka redioni, na jirani akalisikia, na jirani akilisikia jambo basi limekwisha.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Walikuja maafisa wa jiji, wakandarasi, wanafunzi, na raia waliovutiwa na neno "bei nafuu". Kipimo alikuwa amevaa suti ya kuazima kwa mwenzake wa ofisini. Alianza kwa haraka mno, kisha akatulia alipoona watu wanasikiliza. Akaeleza jinsi hewa ya moto inavyopanda na jinsi hewa baridi inavyotafuta pa kuingilia. Alipofika kwenye picha ya mlango wa jikoni akaiacha ikae kwenye skrini muda mrefu.

"Mtazameni mzee huyu," akasema. "Kila siku ya maisha yake anaingia nyumbani kwake ameinama. Chumba cha nyuma yake hakina dirisha. Bati liko juu ya kichwa chake moja kwa moja. Aliyejenga hapa hakujiuliza upepo unatoka wapi wala unakwenda wapi. Hakujiuliza lolote. Hii, ndugu zangu, si nyumba. Hii ni sufuria yenye mlango."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mstari ule alikuwa ameufanyia mazoezi mbele ya kioo, na ulifanya kazi kupita alivyotarajia. Mama Msumari, mtu asiyecheka ovyo, alijipiga paja. Kipimo akatabasamu, akapitisha macho ukumbini, safu kwa safu, akiwangoja wanyamaze, mpaka macho yakafika safu ya nyuma, chini ya feni, na kukwama hapo.

Baba yake alikuwa amevaa koti la harusi. Mama alikuwa amepakata mkoba wake mweusi kwa mikono miwili. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa kuchelewa kidogo, akitazama kulia na kushoto, kama anavyocheka mtu ambaye hataki aonekane ni yeye peke yake asiyeielewa dhihaka. Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama skrini, anautazama mgongo ule anaoujua kuliko mtu yeyote humo ukumbini.

Jasho likamchuruzika Kipimo ndani ya suti ya watu. Kabla hajapata neno, mwanamume mmoja mwenye miwani, wa kutoka ofisi ya mipango miji, akanyoosha mkono.

"Swali fupi," akasema. "Nyumba hii ni ya nani, na iko wapi? Maana ninyi wataalamu mna tabia ya kutuletea picha za kuokota mtandaoni."

Watu wakacheka tena. Kipimo akamtazama yule mwenye miwani. Hakuthubutu kutazama kule nyuma. Jibu la kweli lilikuwa kinywani, tayari, fupi. Ni ya baba yangu. Lakini lile neno "sufuria" lilikuwa bado linaelea juu ya vichwa vya watu, na mbele alikuwa amekaa Mama Msumari, na pembeni vijana wawili aliosoma nao, wale waliojua kwamba baba yake yuko upande wa elimu.

"Ni ya familia moja," akasema, "niliyoitembelea katika utafiti wangu."

Akabonyeza, ikaja picha nyingine.

Mchoro wake ulipita siku hiyohiyo. Jiji liliukubali, na ofisi ya Mama Msumari ikapewa kujenga nyumba ya kwanza ya mfano. Watu walimzunguka Kipimo wakimshika mkono, naye aliwajibu asante, asante, huku akitafuta mlango wa kutokea. Hakuufikia. Wazazi wake walikuwa wamesimama njiani, pembeni kidogo, kama watu wanaongoja zamu hospitalini. Mama Msumari aliwaona kabla yake.

"Karibuni, wazee wangu!" akasema kwa furaha. "Mmependa mambo ya binti yetu? Mnafahamiana naye?"

Kipimo alifungua kinywa. Baba yake akamtazama. Ulikuwa mtazamo mrefu, si wa hasira, na Kipimo baadaye alikumbuka kila kitu ndani yake isipokuwa sababu ya yeye kutosema neno. Kisha mzee akamgeukia Mama Msumari, akafunga kifungo cha koti.

"Sisi ndio wenye ile nyumba ya kwenye picha," akasema. "Alitutembelea. Binti ana adabu sana huyu. Wazazi wake wamemlea."

Mama Msumari akapiga makofi. Akamkumbatia mama yake Kipimo, akamtikisa baba mkono hadi koti likapanda mabegani, akaita mpiga picha. "Wenyewe hawa! Wenye nyumba! Tupigeni picha ya pamoja!" Wakapangwa. Kipimo akawekwa katikati ya baba yake na mama yake.

"Msanifu, sogea basi karibu na mama," mpiga picha akasema. "Usimwogope, haumi."

Mkono wa mama yake ukamgusa kiunoni, pale ulipozoea kukaa kwenye kila picha tangu Kipimo akiwa mtoto. Ukakaa kidogo. Kisha ukaondoka, kama wa mtu aliyekumbuka kwamba mtoto wa wenyewe hashikwishikwi. Picha ilipokwisha mama akasema, "Hongera, mwanangu," na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kila mama humwita hivyo kila kijana.

Wakaondoka wakiwa wameongozana, baba mbele, mama nyuma na mkoba wake.

Kipimo hakwenda nyumbani Jumapili ile, wala iliyofuata. Alisema kazi imebana. Mama alipompigia simu, walizungumza habari za mvua na za goti la baba, na kila mmoja aliuzunguka mkutano ule kama watu wanavyozunguka shimo la njiani. Kipimo akaanza kuchukia kioo. Akisuka nywele, akisugua meno, maneno yalimrudia na sauti yake mwenyewe, ile sauti laini ya kitaalamu. Familia moja. Niliyoitembelea. Usingizi ulipomwisha alikuwa anajaribu kutafuta njia ya kulisema jambo lile upya lisiwe baya, na kila njia ilimrudisha palepale.

Kisha Mama Msumari akaja na wazo lake.

"Nyumba ya kwanza ya mfano," akasema asubuhi moja, akiweka ile picha ya pamoja mezani, "tutawajengea wale wazee. Nimeshazungumza na jiji, wameafiki. Tunabomoa ile sufuria yao, tunawajengea nyumba ya kupumua, bure kabisa. Nimempata yule mzee kwa simu. Wiki ijayo tunakwenda kuona kiwanja, mimi na wewe."

Kwa muda mfupi, na jambo hili ndilo lililomuaibisha kupita yote baadaye, Kipimo alifurahi. Ofisi ilikuwa na sheria ambayo kila mtu aliijua: mradi wa umma haumgusi ndugu wa mfanyakazi. Kwa uongo wake, na kwa uongo wa baba yake, mama angepata jikoni lenye hewa. Akamsikia mtu ndani yake akisema, nyamaza tu, nyamaza, wote watafaidika. Alinyamaza siku kadhaa.

Aliyemfungua kinywa ni baba yake. Alipiga simu wakati wa chakula cha mchana, akiwa kazini kwake, sufuria zikigongana nyuma.

"Yule mama wa ofisini kwenu anakuja," akasema. "Nilitaka tupange vizuri, nisije nikakuharibia. Akija, tukuiteje? Nikuite mhandisi, au nikuite dada tu?"

Kipimo akasukuma sahani yake pembeni.

"Kwa sababu Kipimo siwezi kusema," baba akaendelea, taratibu, kama mtu anayetafakari jambo la kawaida. "Na mama, ulimi unaweza kuteleza, ni mazoea. Nimejizoeza kidogo. Mama yako ameshatoa ile picha yako ya mahafali ukutani, ameiweka chini ya godoro. Ukuta umebaki na alama nyeupe, lakini nimeutundikia kalenda. Hataona."

"Baba," Kipimo akasema.

"Haya basi, nitasema mhandisi. Ni la heshima."

"Baba, mimi si mhandisi. Ni msanifu."

"Basi msanifu," baba akasema. "Nimeshika."

Kipimo akaweka simu chini, akapanda ngazi hadi chumba cha Mama Msumari, hakubisha hodi. Akasimama mbele ya meza akasema yote kwa pumzi moja, tangu futikamba mpaka kalenda. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Alitaka kufokewa. Mama Msumari aliendelea kuchonga penseli yake kwa kisu, polepole, mpaka ncha ikakatika.

"Nilicheka," akasema hatimaye.

"Samahani, mama."

"Ngoja. Nilicheka nikajipiga paja. Umenifanya nimcheke mzee mbele ya mke wake, kisha nimpige picha, kisha nimwambie ashukuru." Akainua macho. "Kumwonea baba yako aibu, hilo linawapata wengi. Mimi nilimficha bibi yangu jikoni siku ya kuposwa. Lakini ulimwacha yeye ndiye aseme uongo. Ulikuwa umesimama hapohapo."

"Ndiyo."

"Nyumba hawatapata. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na umekuja hata hivyo." Mama Msumari akaipindua ile picha ya pamoja kifudifudi. "Nenda kwao. Mimi sitakwenda kule mpaka siku utakayonipeleka mwenyewe na kuniambia hawa ni nani. Na kuanzia kesho kuna vyoo vya zahanati vinakungoja."

Kipimo aliomba jambo moja: asimame mbele ya wale maafisa wa mipango miji aseme ukweli kwa mdomo wake. Akaruhusiwa. Alikwenda kwenye kikao chao, akangoja zamu, akasema, "Ile nyumba niliyowaonyesha aliijenga baba yangu. Mlipouliza, nilidanganya." Yule mwenye miwani akasema asante kwa taarifa, akauliza kama maji ya kunywa yamekwisha, wakahamia ajenda ya mifereji. Kipimo akatoka akijiona mdogo maradufu. Kumbe aliloliogopa kiasi kile, hao aliowaogopa hawakuwa na haja nalo.

Nyumbani alifika Jumapili mchana. Mama alikuwa uani anaanika nguo. Alimsikiliza bila kuacha kuanika, na Kipimo alipofika kwenye habari ya nyumba kwamba imekwenda kwa familia nyingine, mama akakung'uta shuka kwa nguvu mpaka ikalia.

"Ungengoja wajenge kwanza," akasema, "ndipo uone aibu."

"Mama..."

"Nasema kweli. Tumeshasema uongo, tumeshavaa vizuri, tumeshapigwa picha. Tungepata hata dirisha." Akaitundika shuka, akainyoosha kona. "Sufuria, sawa. Mimi nimepikwa humo miaka yote, nani atanibishia? Hilo halikuniuma. Mimi nilikuwa nangoja useme ni yetu. Nilikuwa nimeshajiandaa kusimama. Nilisema moyoni, akisema tu ni ya kwetu, nitasimama watu wanione."

Akaokota kapu la nguo akaingia ndani. Kipimo alimwomba msamaha kwa kupitia mgongo wake, na mama akasema, "Nimesikia," basi.

Baba yeye hakutaka kuombwa. Kila Kipimo alipoanza, alimkatiza kwa kumkaribisha chai. Alimwita msanifu. Alimwita hivyo kwa upole, bila kejeli, kama mtu aliyejifunza neno kwa shida na sasa hawezi kulisahau, na Kipimo alitamani angetukanwa.

Ndipo akaleta nyundo na patasi. Haikuwezekana kuinua bati wala kubomoa chumba, lakini ukuta wa chumba cha katikati ulikuwa na kona moja iliyochungulia uani, juu kidogo, na pale palitosha tundu la dirisha dogo. Walifanya kazi hiyo Jumapili baada ya Jumapili, yeye na baba. Kipimo alipiga mahesabu ya mzigo, baba akasimamisha magogo ya kuegemeza, na walizungumza kuhusu matofali tu. Tofali la kwanza lilipotoka, mwanga uliingia chumbani kama mgeni asiyebisha hodi, ukaangukia kitanda ambacho hakijawahi kuona jua. Mama alikuja akatazama. Akasema sasa ndiyo anaona jinsi godoro lilivyochakaa, afadhali giza.

Siku ya kuweka fremu, baba alikuwa ameishikilia kwa mabega, Kipimo akijaza zege pembeni. Nyuso zao zilikuwa karibu, lakini kila mmoja alitazama ukuta.

"Siku ile," baba akasema, "niliposema ulitutembelea."

Mwiko wa Kipimo ukasimama.

"Nilisema polepole," baba akasema. "Nilidhani utanikatiza."

  Machozi yalimshuka Kipimo yakachanganyika na vumbi la saruji, na hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa zege. Baba hakugeuka. Aliendelea kuishikilia fremu, mabega yakimtetemeka kidogo kwa uzito.

"Jaza upande wa chini pia," akasema. "Zege linakauka."

Akajaza.